Mtu akishuka mteremko wa Kibirizi nishajua kama atalipa. Mwendo unasema tabia, au najidanganya?

#1 MzaniKibirizi

Habari za humu wakuu.

Nauza dagaa kwa jumla mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Wateja wangu wengi ni wachuuzi wadogo, mtaji hawana, kwa hiyo wanachukua mali kauli: unabeba mzigo leo, ukiuza unaleta hela. Karatasi hakuna, ni mdomo tu. Wenzangu kabla hawajatoa mzigo wanauliza mtu anakaa wapi, nani anamfahamu, mume wake anafanya kazi gani. Mimi namwangalia anavyotembea, kuanzia anapoacha barabara mpaka anafika kwenye vichanja vyangu. Akifika nishaamua.

Anayekuja kwa hatua za haraka, uso mbele, hasimamisimami njiani, nampa. Anayesalimia kushoto na kulia atauza sana maana watu wanampenda, ila hela yake itachelewa. Anayeburuta ndala simpi hata sado moja (lile kopo la kupimia). Na yule anayekuja kifua mbele, mikono kaitanua mbali na mbavu kana kwamba kabeba ndoo mbili zisizoonekana, huyo ndiyo kabisa. Anataka nimwogope kabla hatujasalimiana, na mimi najiuliza kwa nini.

Mume wangu anasema napiga ramli. Mimi nasema ni uzoefu. Nyie mnaonaje? Wasimamizi, uzi huu msiuhamishie jukwaa la mahusiano tafadhali.

#2 BandikoFupi

Nimeziangalia ndala zangu, nikaziangalia tena. Kumbe tatizo la maisha yangu liko hapa chini.

#3 MwishoWaReli

Mada tamu, navuta kiti. Ila dada hapo kwenye haraka nakupinga. Matapeli wote niliowahi kukutana nao Stendi ya Masanga walikuwa na haraka. Basi linaondoka, mgonjwa yuko hoi, niwekee laki moja narudi sasa hivi. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Muogope anayekuja taratibu, huyo ndiye kajipanga.

#4 GundiNaSindano

Mimi ni fundi viatu, nina kibanda Mwanga. Watu mnaangalia mwendo, mimi naletewa ushahidi wake mkononi.

Kiatu cha mtu wa kawaida kisigino kinaisha kwa nyuma, upande wa nje kidogo. Hapo hakuna tabia wala nini, mguu wa binadamu ndivyo unavyotua. Kinachoisha upande wa ndani mwenyewe ana nyayo bapa. Kinachochubuka mbele kwenye ncha ya kidole, huyo mguu haunyanyuki vizuri, na mara nyingi ni mmoja tu kati ya miwili. Kuna mzee mmoja nilikuwa nambadilishia soli ya kulia kila mara, ya kushoto nzima kabisa. Watu mtaani walisema ana dharau, anatembea kama hataki ardhi. Baadaye ikaja kujulikana ni sukari, ilikuwa imeshakula mishipa ya fahamu ya mguuni.

Sasa dada, anayeburuta ndala umeshawahi kuziangalia ndala zenyewe? Kama mkanda umelegea, hata waziri ataburuta.

#5 KirangoziTBR

Nawasalimu kutoka Tabora. Watu wa Kigoma kujadili mwendo ni kama kichekesho, reli imewaishia hapo hamna pa kwenda, mtaharakia nini? Kutembea tuulizeni sisi. Wanyamwezi walitoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu begani, mzigo wa kilo 30 hivi, miezi. Kirangozi alitangulia mbele kavaa mavazi ya fahari, anapuliza baragumu, na msafara mzima ulishika mwendo wake. Mpagazi alichaguliwa kwa miguu yake.

#6 BandikoFupi

@KirangoziTBR mmebeba pembe za watu mpaka baharini mkarudi na shanga, mtani, halafu unajisifu.

#7 KirangoziTBR

@BandikoFupi tulirudi na nguo pia. Nyie mlikuwa mnamsubiri Stanley aje kumsalimia mgeni wenu chini ya mwembe Ujiji.

#8 NuktaKumi

Nasoma saikolojia, mwaka wa mwisho. Swali la mtoa mada ni la zamani sana kwenye fani yetu, na majibu yake yanaudhi pande zote.

Mwaka 1935 Werner Wolff, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliwapiga watu filamu bila wao kujua, kawavisha maovaroli ili nguo zisiwaseme, kisha akawaonyesha wengine wabashiri tabia zao kwa mwendo tu. Watu walibashiri bila taabu, na mara nyingi walisema mamoja: huyu mnyenyekevu, huyu anajiona. Mwaka 1973 Gunnar Johansson kule Sweden akaja na mbinu ya kumbandika mtu taa ndogo kwenye viungo, kumi au kumi na mbili, kisha unamrekodi gizani. Huoni sura, huoni nguo, unaona nukta zinatembea, na bado unajua ni binadamu anatembea. (Ndiyo maana ya jina langu humu.)

Sasa 2012 John Thoresen na wenzake wakatumia nukta hizo kuuliza swali la dada yetu. Watazamaji walikubaliana vizuri tu: mwendo wa kuachia mwili, hatua kubwa, wakasema ni mtu mchangamfu, mkunjufu, wa kuaminika. Mwendo wa pole uliotulia, wakasema ni mtu asiyebabaika. Kisha tabia zilizobashiriwa zikalinganishwa na za watembeaji wenyewe. Hazikuoana.

Yaani macho yetu yanakubaliana, ila yanakubaliana kwenye kosa.

#9 MzaniKibirizi

@NuktaKumi asante mdogo wangu, ila hapo kidogo. Waliulizwa tabia zao wenyewe? Mimi nikimuuliza mteja "wewe ni mwaminifu?" atasema hapana? Labda watazamaji ndio waliokuwa sahihi, watembeaji wakajisifia.

#10 NuktaKumi

@MzaniKibirizi pingamizi hilo lina uzito. Ndiyo maana hakuna anayesema suala limefungwa.

#11 MwishoWaReli

Dada kamkalisha msomi. Naomba soda ipelekwe Kibirizi.

#12 GongoLaMti

Nimesoma tangu juu nikitafuta mahali pangu. Nilizaliwa na mguu kifundo, na enzi zile kijijini kwetu hakuna aliyejua kwamba mtoto mchanga anafungwa hogo, linabadilishwa kila wiki, mguu unanyooka. Sasa hivi watoto wanatibiwa. Mimi nilikulia nao.

Naburuta. Mchanga wa mwaloni ndiyo unanimaliza kabisa. Niliwahi kwenda kuomba mali kauli kwa mtu, siyo Kibirizi, akaniangalia tangu mbali, nilipofika akaniambia mzigo umeisha na mimi nauona. Sikumlaumu sana, nimezoea. Lakini nina swali moja kwa mtoa mada. Wale uliowapa unajua walilipa au hawakulipa. Wale uliowanyima unajua nini juu yao?

#13 Bint Ujiji

#12 hilo swali lingekuwa kichwa cha uzi.

#14 MzaniKibirizi

@GongoLaMti pole kaka. Ulemavu ninaujua na siuhesabu. Naangalia mtu anavyoutumia mguu alionao, bidii inaonekana hata kwa anayechechemea. Kuhusu niliowanyima, ni kweli sijui. Lakini daftari langu la waliopewa liko safi kuliko la majirani zangu wote, na hilo nalo ni jambo.

#15 GongoLaMti

@MzaniKibirizi daftari safi linaweza pia kuwa la mtu anayewakopesha wachache. Na mimi unayeniona nakuja pole, bidii yangu yote imeishia kwenye kutoanguka. Utaionea wapi?

#16 MnyooshaViungo

Nafanya kazi ya fiziotherapia, hospitali siitaji kwa jina. Nimtetee fundi viatu wa #4 kwa sababu amesema ukweli kuliko wengi.

Hatua moja kamili, mguu uko chini karibu asilimia 60 ya muda na uko hewani asilimia 40. Mtu mwenye maumivu ya nyonga au goti anakwepa kukaa juu ya mguu unaouma, kwa hiyo muda huo unapungua upande mmoja, na mwili unayumba. Mtaani tunaita maringo. Mwenye mgongo unaouma anatembea mzima mzima kama hataki kugeuka, tunasema ana kiburi. Mwanzoni mwa ugonjwa wa Parkinson mkono mmoja unaacha kupunga, hatua zinafupika, uso unapungua kuonyesha hisia. Familia inasema mzee kawa na roho mbaya siku hizi. Nimewaona wazee waliosemwa muda mrefu kabla mtu hajafikiria kuwapeleka hospitali.

Na kasi nayo. Kuna uchambuzi wa 2011 Marekani uliokusanya wazee zaidi ya 34,000: kasi ya kutembea ilionyesha vizuri nani ataishi muda mrefu zaidi. Hiyo ni afya, moyo, mapafu, misuli. Mteja wako wa haraka dada ni mzima wa afya. Mtu mzima wa afya anafanya kazi kila siku, anayefanya kazi kila siku analipa deni. Labda ndicho unachokiona bila kujua.

#17 MzaniKibirizi

@MnyooshaViungo basi mimi ni daktari wa bure.

#18 KepteniWaGetini

Mimi ni mlinzi, zamu ya usiku. Mmechanganya vitu viwili. Kumtambua mtu kwa mwendo ni kitu kimoja, kujua tabia yake ni kingine. Usiku umeme umekatika, mtu bado yuko mbali, mimi najua huyu ni mhasibu, huyu ni mpishi, huyu ni bosi kalewa. Sikosei mara nyingi. Lakini nani kati yao ni mwizi? Mwizi hatembei kama mwizi. Anatembea kama mwenye nyumba. Anayenyatanyata mara nyingi ni kijana kachelewa kurudi anamwogopa baba yake.

#19 NuktaKumi

@KepteniWaGetini umegusa palepale. Mwaka 1977 Cutting na Kozlowski walitumia nukta za mwanga kuona kama watu watawatambua marafiki zao. Waliwatambua kuliko kubahatisha, japo siyo kila mara.

Na kuna upande wa giza. Mwaka 1981 Grayson na Stein walirekodi wapita njia New York, wakawaonyesha wafungwa waliowahi kushambulia watu: nani rahisi kumvamia? Wafungwa walielekea kuwachagua walewale, na sifa mojawapo ilikuwa mwendo usio na mpangilio, hatua ndefu kupita kiasi au fupi kupita kiasi, mikono na miguu haviendi pamoja. Kwa hiyo mwizi ndiye anayesoma mwendo wako.

#20 ParediMoja

Kama mnaongelea mwendo na siri, mmesahau Putin. Mkono wa kushoto unapunga, wa kulia umetulia. Huo ni ugonjwa alioutaja huyo wa #16, intaneti nzima inajua.

#21 MhaririBure

@ParediMoja intaneti nzima inajua vibaya. Mwaka 2015 madaktari wa mishipa ya fahamu, akiwemo Bastiaan Bloem wa Uholanzi ambaye ndiyo kazi yake kutibu Parkinson, waliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza. Walimwona Putin, wakamwona Medvedev na maofisa wengine wa Urusi wana mwendo uleule. Wote wagonjwa upande uleule? Wakatoa maelezo mengine: mwongozo wa mafunzo ya KGB, shirika la ujasusi la Urusi ya zamani, unaoelekeza silaha ishikwe mkono wa kulia karibu na kifua wakati wa kutembea. Medvedev hakupitia KGB, wakadhani huenda anamuiga bosi.

#22 ParediMoja

@MhaririBure sawa bwana mhariri. Sisi tuliopita JKT tunatembea hivyohivyo mpaka harusini, mkono mmoja umetulia. Mke wangu anasema nampelekea jeneza kila nikimfuata kumtunza bibi harusi.

#23 Bint Ujiji

Kwa idhini ya mtoa mada naeleza yangu, maana mwendo ulinikosesha mume.

Posa ilikuwa imeshapokelewa. Dada wa yule kijana akaniona kwenye shughuli Ujiji nikibeba sinia la wali kutoka uani kwenda ukumbini. Akarudi kwao akasema huyu binti anakanyaga kiume, hana madaha, mwanamke wa hivyo hatawaliki. Maneno yakazunguka, posa ikapoa, ikafa. Mama yangu alilia. Bibi yangu akaniambia nijifunze kutembea upya kwenye ukumbi wa nyumba, na nikajifunza kweli, wiki nzima, nikionekana kama nimekanyaga miiba.

Mimi nimekulia kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Ukiwa na maji kichwani hutikisi nyonga, unakwenda moja kwa moja, shingo wima, hatua imara. Huo ndio mwendo wangu. Watu wakauita tabia.

#24 MnyooshaViungo

@Bint Ujiji dada mwendo wako umeandikwa hadi kwenye jarida la sayansi la Nature. Akina Maloiy walipima wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu, mwaka 1986. Waluo kichwani, Wakikuyu kwa mkanda wa kwenye paji la uso, waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaeleza siri: kila hatua mwili unapanda na kushuka, na wao walikuwa wanaokoa nguvu ya kushuka ili iwapandishe tena. Wazungu waliojaribu na mzigo walihema.

#25 BandikoFupi

@Bint Ujiji huyo wifi mtarajiwa namba yake unayo? Nina mteremko nataka nimwangalie akiushuka.

#26 Bint Ujiji

@BandikoFupi kaolewa, yuko salama, na anatembea kwa madaha hadi leo. Mume wake ndiye anayebeba ndoo.

#27 UstadhKasingirima

Assalaam alaykum. Jambo hili dini imelisema kabla ya hao wa nukta. Surat Luqman aya ya 18 na 19, Luqman anamuusia mwanawe asitembee katika ardhi kwa maringo, na ashike mwendo wa kati. Surat Furqan aya ya 63 inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema, wanaotembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu. Kwa hiyo mwendo una uhusiano na moyo. Na unyenyekevu hauna maana ya kulegea: imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitembea kwa nguvu kana kwamba anashuka mteremko.

Ila zingatieni, mtu anausiwa ATEMBEE vizuri. Hakuambiwa akae pembeni awahukumu wenzake kwa wanavyotembea.

#28 MwishoWaReli

@UstadhKasingirima allah akuzidishie. Na sisi wa Kigoma mteremko tunao, kilichobaki ni unyenyekevu.

#29 NahodhaMstaafu

Nimewasoma vijana. Nimekaa ziwani maisha yangu yote, kwanza kwenye maboti ya mizigo kwenda Kalemie na Bujumbura. Mtu wa majini akishuka nchi kavu anatembea kwa kutagaa, miguu mbali mbali, maana sakafu ya chombo inacheza na lazima uipanulie miguu. Nilipokuwa natoka safari watu wa mtaani walisema mzee kalewa. Sijawahi kuonja pombe. Kwa hiyo mtoa mada asinihukumu, mwendo wangu ameuumba Tanganyika.

Na wale mabaharia wa Liemba ndiyo zaidi, meli yenyewe imeundwa 1927, imezeeka, inayumba.

#30 KobeWaBangwe

Shikamoo nahodha. Hii hoja naikubali. Wavuvi wa vipe (vyombo vya kuvulia dagaa) wote ninaowajua ukiwatoa majini wanatembea hivyo.

#31 MhaririBure

Shikamoo nahodha. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913. Ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha treni mpaka hapa maana reli ilifika Kigoma 1914. Ikashushwa ziwani 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Mwaka 1927 ndipo iliporudi kazini kwa jina la Liemba.

#32 NahodhaMstaafu

Marahaba. Wewe uliisoma, mimi niliipanda. Inayumba.

#33 KirangoziTBR

Turudi kwenye mada, Waha mmeshaanza kusifia meli. Kuna utafiti nilisikia redioni unasema Waafrika tunatembea pole kuliko watu wote duniani. Je, ni tabia ya bara zima?

#34 MhaririBure

@KirangoziTBR haukusema hivyo. Mwaka 2007 Richard Wiseman alipima watembeaji kwenye miji 32, umbali wa mita 18 hivi. Singapore waliongoza, karibu sekunde 11. Wa mwisho walikuwa watu wa Blantyre, Malawi, karibu sekunde 32. Mji mmoja kuwa wa mwisho siyo bara zima.

#35 NuktaKumi

Naongezea: miaka ya tisini Robert Levine alipima kasi ya maisha nchi 31, akakuta penye baridi na penye uchumi mkubwa watu wanakwenda haraka zaidi. Kwa hiyo ukiwa Kigoma saa nane mchana, jua linawaka, kutembea pole ni akili.

Na nimtendee haki mtoa mada, kuna utafiti unaomsaidia. Mwaka 2017 Yannick Stephan, Angelina Sutin na wenzao walikusanya watu zaidi ya 15,000, umri miaka 25 hadi 100. Wachangamfu na wenye kujituma kwa mpangilio walitembea haraka kidogo, wenye wasiwasi mwingi walitembea pole kidogo. Sisitizeni neno kidogo. Ni wastani wa maelfu, haukuambii chochote cha uhakika juu ya mtu mmoja aliyesimama mbele ya mzani.

#36 MzaniKibirizi

Nimesoma hapo kwenye "wenye kujituma walitembea haraka", nikamsomea mume wangu kwa sauti. Hayo mengine nitayasoma kesho.

#37 MwalimuWaGungu

Mbona hakuna aliyesema kuiga? Nafundisha sekondari. Kila msanii mpya akitoka, wavulana wangu wanabadilisha mwendo. Kuna mwaka wote walichechemea mguu mmoja, nikadhani kuna ugonjwa umeingia bwenini. Marcel Mauss, msomi wa Ufaransa, alilisema 1934: alilazwa hospitali New York, akashangaa mwendo wa wauguzi, akajiuliza ameuona wapi. Kwenye sinema. Aliporudi Paris akakuta wasichana wa kwao nao wanatembea vilevile, sinema imeshafika. Sasa hapo unasoma tabia ya msichana au orodha ya filamu alizotazama?

Yule wa kifua mbele aliyemtisha mtoa mada pengine ni mtoto wa watu, mpole, kamwiga mtu kwenye video.

#38 MtembezaWageni

@MwalimuWaGungu hata sokwe wanajua kuigiza ukubwa. Mimi napeleka wageni Gombe. Dume akitaka kuogopwa anasimamisha nywele, anainuka kwa miguu miwili, anatembea kwa kuyumba mabega. Ukimwona unamjua kijana fulani wa mtaani kwenu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika kule Julai 1960, aliandika habari za dume mmoja aliyeitwa Mike. Hakuwa na nguvu za kutisha na cheo chake kilikuwa chini. Akagundua madebe matupu ya mafuta ya taa kambini, akawa anakimbia huku akiyabamiza mbele yake, kelele tupu. Wakubwa wakakimbia. Ilipofika 1964 Mike ndiye bosi wa kundi.

Kwa hiyo dada, mwenye kelele anaweza kweli kupanda cheo. Ila Mike sijui kama angelipa mali kauli.

#39 BandikoFupi

Mike angekuwa hai angekuwa dalali Mwanga.

#40 GundiNaSindano

Naona kila mtu anavutia kwake. Mlinzi anaona mwizi, nahodha anaona mawimbi, daktari anaona ugonjwa, mwalimu anaona video, mimi naona soli. Dada anaona madeni. Tupimane tuache maneno. Wachuuzi kumi na wawili wakubali kurekodiwa wakitembea. Dada aandike kwenye karatasi nani atalipa kwa wakati, na wengine wa humu waandike pia. Halafu WOTE wapewe mzigo, hata wa ndala. Bila hivyo swali la #12 halijibiki.

#41 MzaniKibirizi

Wote? Na hasara analipa nani, wewe fundi?

#42 GongoLaMti

Sado moja moja siyo mtaji wa kukufilisi. Mimi nachangia sado mbili, na natembea nikiwa wa kumi na tatu.

#43 MnyooshaViungo

Warekodiwe kwenye tambarare, siyo mchangani wala mteremkoni, na wasiwe na mizigo. Na nikimwona mwenye dalili namwambia faraghani, hayaandikwi humu.

#44 GundiNaSindano

Nipigiwe na picha za soli.

#45 NahodhaMstaafu

Subirini mbalamwezi ipite. Mwezi ukiwa mkubwa taa za vipe hazivuti dagaa, mwaloni hakuna biashara, mtapima watu wasio na la kufanya.

#46 NuktaKumi

Sura zifunikwe kwenye video, mtoa mada asiwatambue wateja wake wa zamani. Na majibu yafungwe kwenye bahasha mapema, akae nayo mtu asiye wa Kigoma.

#47 KirangoziTBR

Nileteeni mimi kwa treni, nitaitunza.

#48 MzaniKibirizi

Mtu yeyote isipokuwa huyo.